Hesabu ya vitufe haijapitwa na wakati

Anayedai kwamba kukadiria sekunde za mtumiaji wa kompyuta kwa kuhesabu vitufe anavyobonyeza ni kupoteza muda, eti inatosha kuwaketisha watu mbele ya skrini na kuwatazama, amesahau kisa cha NYNEX, kampuni ya simu ya Marekani. Kampuni ilikusudia kuwapa opereta mitambo mipya iliyosifiwa kwa kasi. Katika utafiti uliochapishwa 1993, watafiti Gray, John na Atwood walichora kila tendo la opereta: anachosikia, anachosoma, anachobonyeza, na kipi kinasubiri kipi. Hesabu ikasema mitambo hiyo itachelewesha kazi. Majaribio kazini yakathibitisha. Kutazama kungeonyesha ucheleweshaji tu. Hesabu ilifichua sababu. Katika mitambo mipya, sehemu ya ubonyezaji iliyokuwa ikifanyika mteja akiwa bado anazungumza ilisogezwa hadi mwisho wa simu, wakati opereta hana kingine cha kufanya ila kubonyeza.

Nakubali, watafiti Card, Moran na Newell, waasisi wa hesabu ya aina hii, walipokadiria sekunde 1.35 za mtumiaji kujiandaa kiakili kabla ya tendo, walimfikiria mzoefu asiyekosea. Anayefungua programu mara ya kwanza hayumo humo, na huyo ni lazima atazamwe. Lakini opereta hurudia kazi ileile kutwa nzima. Kwake yeye, ningepiga hesabu kabla ya kununua hata mtambo mmoja.