Jiwe Jeusi na Nyoka wa Shaba



Tarehe 19 ya mwezi wa tisa kila mwaka ni siku iliyowekwa duniani kwa ajili ya kuwakumbuka watu wanaoumwa na nyoka. Hapa Kindu siku hiyo hupita bila wengi kuijua. Lakini majira yenyewe yanatuhusu: mvua inarudi, watu wanarudi mashambani, majani yanaota mpaka nyuma ya jiko, na nyoka wanasogea karibu na watu. Ndiyo majira ambayo mtu hubisha hodi usiku kwa mchungaji akiomba kitu kimoja. Haombi maombi kwanza. Anaomba jiwe jeusi.

Wengi wenu mnalijua. Ni kipande kidogo, chepesi, cheusi kama makaa, kinachotunzwa ndani ya kopo pamoja na karatasi ya maelezo. Mtu akiumwa, anachanjwa kidogo ili damu itoke, jiwe linabandikwa juu ya kidonda, nalo linashika. Linaachwa mpaka lianguke lenyewe. Kisha linachemshwa, linawekwa katika maziwa, linakaushwa na kutunzwa kwa ajili ya mwingine. Watu wanasema limenyonya sumu.

Nataka kusema kwa wazi, nami nasema kama mtu aliyelitunza jiwe hilo nyumbani kwake kwa miaka mingi: halinyonyi sumu. Na kwa kuwa sisi watu wa misioni tulisaidia kulieneza, ni juu yetu sisi kuliweka chini.

Usiku ule

Miaka kadhaa iliyopita nilikuwa nachunga kanisa upande wa pili wa mto, mbali kidogo na Alunguli. Jioni moja mama mmoja alimleta mtoto wake wa kiume aliyeumwa mguuni wakati wa kuvuna mpunga. «Pasta, leta jiwe,» alisema. Nikalileta. Likashika vizuri. Tukaomba, tukaimba, na kila mmoja wetu alitulia kwa sababu jiwe lilikuwa limeshika. Usiku wa manane mguu ulikuwa umevimba mpaka gotini. Tukasema jiwe linaendelea kufanya kazi. Alfajiri mtoto akaanza kutoka damu kwenye ufizi.

Hapo ndipo tulipotafuta pikipiki, kisha mtumbwi wa kuvuka Lualaba, kisha pikipiki nyingine. Mtoto hakufa. Mguu ulikatwa chini ya goti. Mganga wa hospitali hakunikemea. Aliniuliza tu aliumwa saa ngapi, nami nilipomjibu akanyamaza, akaandika.

Kwa nini tunaliamini

Jiwe hili si jiwe. Ni mfupa, mara nyingi wa ng'ombe, uliochomwa mpaka ukawa mweusi. Mfupa uliochomwa una vitundu vidogo visivyohesabika, ndiyo maana unavuta majimaji na kushika juu ya kitu chochote kibichi. Uweke juu ya ulimi wako mzima, usio na sumu yoyote, nao utashika vilevile. Ukiutia ndani ya maji, vipovu vinatoka, na watu wanasema: tazama sumu ikitoka. Ni hewa iliyokuwa ndani ya vitundu.

Lakini sababu kubwa ya imani yetu ni nyingine. Shirika la Afya Ulimwenguni, OMS, linakadiria kwamba kila mwaka watu milioni 5.4 hivi wanaumwa na nyoka duniani, na kati yao wanaoingiwa na sumu ni kati ya milioni 1.8 na 2.7. Hesabuni wenyewe. Nusu au zaidi ya walioumwa hawakupata sumu, ama kwa sababu nyoka hakuwa wa sumu, ama kwa sababu aliuma bila kuimwaga. Watu hao wangepona hata kama ungewabandika kipande cha muhogo mkavu. Jiwe linapewa sifa yao wote. Na wale wanaokufa tunawaeleza kwa njia nyingine: walichelewa, au walirogwa, au imani yao ilikuwa ndogo.

Katika Matendo ya Mitume 28 tunasoma juu ya Paulo kisiwani Malta. Nyoka anamshika mkononi, watu wanasema ni mwuaji. Wanangoja avimbe au aanguke. Wasipoona kitu, wanageuka na kusema ni mungu. Luka anaandika habari zote mbili bila kuwacheka, lakini tunaona: mara mbili walitazama kilichotokea, na mara mbili wakatoa fundisho la uongo. Nasi tumefanya vivyo hivyo na jiwe jeusi.

Kitu cha zamani, majaribu ya zamani

Msidhani jambo hili lilianza kwetu. Mawe ya nyoka yalikuwa yakipelekwa Ulaya kutoka India tangu miaka ya 1600, na wauzaji walisema yametoka katika kichwa cha fira. Padri Mjesuiti mwenye elimu nyingi kule Roma, Athanasius Kircher, aliyasifu. Daktari mmoja wa Italia, Francesco Redi, aliyetumika katika nyumba ya watawala wa Toscana, hakutaka kubishana kwa maneno. Aliyajaribu kwa wanyama, wanyama wakafa, na mwaka 1671 akachapisha majibu yake katika barua aliyomwandikia Kircher mwenyewe. Ni zaidi ya miaka 350 sasa.

Huku kwetu wengi walilipata kwa njia ya Wamisionari wa Afrika, tunaowaita Mapadri Weupe, nasi Waprotestanti hatukulikataa. Walioleta walikuwa na huruma. Hospitali zilikuwa mbali, na mkono mtupu mbele ya mtoto anayelia ni kitu kigumu. Lakini mwaka 2007 watafiti walichapisha jaribio walilofanya kwa jiwe hilihili jeusi, wakitumia panya na sumu ya nyoka watatu wa Afrika. Hawakuona faida, isipokuwa dalili ndogo kwa sumu ya mmoja wao, yule fira anayetema.

Tena jiwe haliko peke yake. Mwaka 1986 daktari mmisionari aliyefanya kazi Ecuador, Ronald Guderian, pamoja na wenzake, waliandika katika jarida la waganga The Lancet kwamba walioumwa na nyoka walisaidiwa kwa kupigwa na umeme mkali. Habari hiyo ilikimbia kutoka misioni moja mpaka nyingine. Watu wakaanza kutumia waya wa buji ya pikipiki, injini ikiwa inawaka. Watafiti waliojaribu umeme huo kwa wanyama hawakuona msaada wowote. Hata hivyo mpaka leo wako wanaolaza mgonjwa kando ya pikipiki na kumchoma kwa umeme, wakati pikipiki hiyohiyo ingekuwa imemfikisha hospitali.

Kuna pia pompa ndogo za kunyonya zinazouzwa kwa wasafiri. Mwaka 2004 watafiti wa Marekani waliwadunga watu waliojitolea maji yaliyowekwa alama mahali pa sumu, kisha wakanyonya kwa pompa. Majimaji na damu vilitoka. Ile iliyokuwa mahali pa sumu haikufika hata sehemu 1 kati ya 1,000.

Si ajabu. Katika misitu yetu kuna kifutu mkubwa, yule mnene anayelala kimya juu ya majani makavu. Meno yake yanaweza kufika urefu wa sentimita 5. Sumu inaachwa ndani ya nyama, na mara moja inaanza kusambaa. Kitu kilichobandikwa juu ya ngozi kitaifuata wapi?

Madhara yake

Ndugu mmoja aliniambia: «Pasta, kama halisaidii, basi halidhuru.» Hapana, linadhuru.

Kwanza, linakula saa. Sumu ya vifutu inaharibu nyama na kuzuia damu kuganda. Sumu ya fira wengi inalegeza misuli, kope zinaanguka, mwisho mtu anashindwa kuvuta pumzi. Dawa inayopinga sumu, ambayo waganga wanaiita serumu, inazuia sumu ambayo bado haijafanya kazi yake. Haiwezi kufufua nyama iliyokwisha kufa. Kila saa tunayolitazama jiwe inatoka katika mguu wa mtu.

Pili, ule wembe wa kuchanja. Mtu ambaye damu yake haigandi tena, ukimkata, unamfungulia damu isiyokoma.

Tatu, jiwe moja linapita kutoka kwa damu ya mtu hadi damu ya mwingine. Sisi tunaohubiri juu ya ukimwi, na tunaojua habari ya ugonjwa wa ini, tusingekubali sindano moja kwa kijiji kizima. Kwa nini tunakubali jiwe moja?

«Lakini hospitali haina dawa»

Hilo ndilo neno ninaloambiwa kila mara, na si neno la kipumbavu. Serumu ni ghali na ni haba. Moja iliyotegemewa sana Afrika, Fav-Afrique, kiwanda chake kiliacha kuitengeneza mwaka 2014, na chupa za mwisho muda wake ulikwisha katikati ya mwaka 2016. Mwaka 2017 OMS iliweka sumu ya nyoka katika orodha ya magonjwa yaliyosahauliwa, na mwaka 2019 ikatangaza mpango wa kupunguza vifo na ulemavu kwa nusu ifikapo 2030. Wakati huohuo watu kati ya 81,000 na 138,000 wanakufa kila mwaka, na wanaobaki na viungo vilivyokatwa au ulemavu wa kudumu ni karibu mara tatu ya hao. Wengi ni wakulima na watoto wa maskini. Ni watu wa makanisa yetu.

Kwa hiyo tunayo haki ya kudai. Lakini ukosefu wa serumu si sababu ya kubaki nyumbani. Katika kituo cha afya muuguzi anaweza kuchukua damu kidogo, kuitia ndani ya chupa ndogo ya kioo iliyo safi na kavu, na kuiacha dakika 20 bila kuitikisa. Kisha anaiinamisha. Kama damu bado ni maji, sumu imeingia katika damu, naye anajua kwamba mgonjwa huyo lazima apelekwe mbele haraka. Kipimo hicho hakihitaji umeme, na fedha zake ni kidogo sana. Hospitali nayo inaweza kumsaidia mtu kuvuta pumzi, kumwongezea damu, kumkinga na pepopunda, kutunza kidonda. Jiwe haliwezi hata moja la hayo.

Nehushtani

Ndugu wachungaji wenzangu, tunajua vizuri Hesabu 21. Israeli waliumwa na nyoka jangwani, na Mungu mwenyewe alimwagiza Musa atengeneze nyoka wa shaba, aliyemtazama akaishi. Lakini mara chache tunahubiri mwisho wa habari hiyo. Uko katika 2 Wafalme 18:4. Miaka mingi baadaye watu walikuwa wakimfukizia uvumba nyoka yuleyule, naye mfalme Hezekia akamvunja vipande vipande na kumwita Nehushtani, yaani kipande cha shaba tu.

Fikirini ujasiri huo. Kitu hicho kilitoka mkononi mwa Musa, tena kwa neno la Mungu, na kiliwahi kuokoa kweli. Hata hivyo Hezekia hakusema, «Wazee wetu walituachia, tukiheshimu.» Aliona kwamba kimekaa mahali pasipo pake, akakivunja, na Maandiko yanamhesabia jambo hilo kuwa jema. Basi jiwe letu, ambalo halikutoka kwa Musa wala halikuamriwa na Mungu, tunaliogopa kwa nini? Kuwaheshimu wamisionari si kutunza makosa yao. Wao wenyewe walikuja kutupenda, nao wangefurahi kuona tunawapenda watoto wetu kuliko kopo walilotuachia.

Tufanye nini

Mtu akiumwa: mwondoe mbali na nyoka, mtulize, alale. Vua pete, bangili na viatu kabla kiungo hakijavimba. Funga kiungo kwa kijiti ili kisitikisike, kama unavyofanya kwa mfupa uliovunjika, lakini usikaze kamba ya kuzuia damu. Usikate, usinyonye, usichome kwa umeme, usibandike kitu. Akitapika, mlaze kwa ubavu wa kushoto. Usipoteze wakati kumwinda nyoka. Mpeleke. Ombeni njiani, Bwana anasikia juu ya pikipiki na ndani ya mtumbwi.

Kila parokia inaweza kufanya mambo matatu kabla mvua haijakaza. Jua ni pikipiki ya nani na mtumbwi wa nani vitakavyoamshwa usiku, na mkubaliane bei mapema. Wekeni sanduku dogo la sadaka kwa safari hiyo, ili mama mjane asikae nyumbani kwa kukosa franka za mafuta. Na mwulizeni muuguzi wenu ni hospitali ipi ina serumu mwezi huu, kisha litangazeni jina hilo siku ya Bwana pamoja na matangazo mengine.

Mimi jiwe langu nililileta mbele ya wazee wa kanisa, nikaeleza habari ya yule mtoto, nikalivunja kwa nyundo. Ndani lilikuwa jeusi kama nje. Mzee mmoja aliokota kipande, akakiweka ulimini, kikashika. Akacheka, kisha akanyamaza muda mrefu. Wiki iliyofuata alileta la kwake.