Mjomba, Roho Haiuzwi kwa Wati
Mjomba wangu amestaafu. Sehemu ya kiinua mgongo chake imeshageuka spika mbili ndefu kutoka Uingereza, zimesimama sebuleni kwake Tabata kama wageni waliosahauliwa kupewa viti. Sasa anataka amplifaya ya valvu ya shilingi milioni 7. Muuzaji kamwambia transista haina roho. Kwa kuwa nasomea uzamili wa uhandisi wa elektroniki, ukoo umenipa kazi ya kutoa ushahidi. Nautoa: Mjomba ameuziwa maneno.

Nianze kwa kuitendea haki valvu. Sifa mbaya ya transista haikutoka hewani. Transista ilizaliwa Bell Labs, Marekani, Desemba 1947, na amplifaya zake nyingi za miaka ya 1960 zilikwaruza kweli, hasa sauti ikiwa ndogo, pale transista moja inapoikabidhi mwenzake kazi. Kasoro hiyo ilishapatiwa dawa kabla sijazaliwa. Uvumi ndio uliobaki, na uvumi una bei.

Kabla ya kubishania amplifaya, itazame spika. Imeandikwa omu 8 mgongoni, lakini ukinzani wake haukai mahali pamoja. Unapanda na kushuka noti kwa noti. Chukua spika inayoshuka hadi omu 3 na kupanda hadi 20. Ifunge kwenye amplifaya ya valvu yenye ukinzani wa ndani wa omu 2, jambo la kawaida kwa zile sahili zinazosifiwa zaidi. Noti moja itaizidi nyingine kwa desibeli 3 na nusu, na hakuna mwanamuziki aliyeagiza hivyo. Transista nzuri, yenye chini ya omu 0.1, haifiki hata theluthi ya desibeli.

Halafu nguvu. Valvu moja ya 300B, kipenzi cha wapenzi, hutoa wati kama 8. Spika inayotoa desibeli 86 kwa wati 1, ukiwa mita 1, inahitaji wati 80 ili pigo la ngoma lifike desibeli 105. Kwa wati 8, ngoma inakatwa kichwa. Ungekuwa na spika za honi zenye desibeli 100, Mjomba, ningenyamaza. Na mpiga gitaa anayetaka valvu zake zikwaruze simgusi: kwake mkwaruzo ni sehemu ya ala.

Najua jibu: sikio si maabara. Sawa, twende na sikio. Mwaka 1985 Bob Carver aliwaambia wahariri wa jarida la Stereophile kwamba anaweza kuifanya amplifaya yake ya transista ilie kama yoyote watakayoichagua. Walichagua ya valvu, ya bei kubwa mno. Akajifungia nayo kwa siku chache, akairekebisha ya kwake, na walipokaa kusikiliza walishindwa kuzitofautisha. Kama "roho" inaweza kunakiliwa hivyo, basi ni tabia ya umeme. Unaweza kuipenda. Usiiite ukweli.

Jumapili nilimuuliza, "Mjomba, hiyo sauti unayoitafuta uliisikia wapi?"

Akacheka. "Kijijini, mjomba. Redio ya babu yako, mbele ya nyumba, dansi la RTD. Tukianika betri juani zikichoka."

Betri. Redio ile ilikuwa ya transista! Kijiji hakikuwa na umeme, na valvu hutafuna umeme hata pasipo wimbo. Transista ndiyo iliyouchukua muziki mjini ikaufikisha uani kwa babu kwa betri chache. Huyo ndiye anayeambiwa hana roho, na anayeambiwa ni mtoto aliyekuwa akianika betri.

Ndiyo maana hasira yangu si ya kifundi tu. Biashara hii imechukua kumbukumbu ya mzee, ikaibandika kwenye kioo kinachowaka, kisha ikamrudishia kwa milioni 7. Nunua transista yenye wati za kutosha kwa spika zako, Mjomba. Chenji ikarekebishe paa la sebule, linalovuja juu ya spika ya kushoto.

Hajaamua. Amesema atalala juu ya jambo hili, na pesa bado ziko benki.