Kamba ya Katani

KUTOKA MIDA
Na Kadzo Karisa

Tangu shule zifungwe, binti ya kaka yangu hatoki chini ya mwembe. Mkono mmoja embe, mkono mwingine kitabu, na kurasa zimeanza kugandana kwa utomvu. Kitabu ni Mistletoe and Murder cha Robin Stevens, kilichotoka mwaka 2016. Wasichana wawili wa shule ya bweni, Daisy Wells na Hazel Wong, wamekwenda Cambridge kwa likizo ya Krismasi ya mwaka 1935. Siku mbili kabla ya sikukuu mtu anakufa. Wakubwa wanasema ni ajali. Wasichana wanafungua daftari.

Juzi akaniuliza, "Shangazi, hawa wanamwuliza kila mtu mzima alikuwa wapi. Kwani hawachapwi?"

Nilicheka, halafu kicheko kikanikauka. Hapa Dabaso mtoto akiuliza mzee fulani alikufaje, hutumwa maji.

Nilikuwa na miaka kumi na mmoja, Desemba kama hii, kaskazi inavuma na mikorosho imezaa. Jirani yetu mzee alivamiwa na watu usiku, na asubuhi tukamkuta mlangoni pake amekatwa. Hata mazishi hayajafika, jibu lilikuwa tayari kijiji kizima: alikuwa mutsai. Basi. Mchawi akifa hakuna anayetafuta muuaji, kwani kila mtu anaona kesi imeisha. Lakini wiki moja kabla, nikirudi kuchanja kuni, nilikuwa nimewaona wanaume wawili wakipima shamba lake kwa kamba ya katani, na mmoja wao alikuwa wa nyumbani kwake. Nilimwambia mama. Alinifunika mdomo kwa kiganja kilichonuka vitunguu vya pilau.

Sijui kama kamba ile ilihusiana na kifo kile. Ninachojua ni kwamba hakuna aliyeuliza.

Wasomaji wa Kilifi hawahitaji kuelezwa zaidi. Wazee wetu wameuawa miaka nenda miaka rudi kwa tuhuma za uchawi, na wengine wamekimbilia hifadhi ya Kaya Godoma kule Ganze, wakaacha minazi waliyoipanda wenyewe. Wapo wanaopaka nywele rangi nyeusi ili mvi zisiwaponze. Wazee na watetezi wao wamesema mara nyingi kwamba nyuma ya neno uchawi mara nyingi kuna shamba: kijana anataka kuuza, mzee hataki. Nami naongeza kwamba Desemba ndiyo hukusanya ukoo wote uani, wa Mombasa na wa Nairobi, na mazungumzo ya urithi huanza kabla mbuzi hajachunwa.

Sheria tunayo. Sheria ya Uchawi ya mwaka 1925 inafanya kumtuhumu mtu uchawi kuwa kosa, isipokuwa umepeleka tuhuma kwa polisi, chifu au mwenye mamlaka mwingine. Ina umri wa karne nzima, na bado matangani mtu hutamka neno lile kama anayeomba chumvi.

Ajabu ni kwamba Kiswahili kilishatuonyesha njia. Muhammed Said Abdulla wa Zanzibar, katika Mzimu wa Watu wa Kale kilichochapishwa mwaka 1960, alimweka maiti kwenye mzimu, mahali ambapo kila mtu angewasingizia mashetani. Kachero wake, Bwana Msa, akaja na kiko chake, akakataa maelezo ya mizimu, akatafuta binadamu. Kila nikipita magofu ya Gede, mwendo mfupi kutoka kwangu, namkumbuka. Hata hapo, ambapo sasa ni Urithi wa Dunia tangu 2024, tulikuzwa tukiambiwa tusiulize sana, kuna wenyewe. Kasoro moja tu kwa Bwana Msa, na kwa makachero Willy Gamba na Joram Kiango waliomfuata: wote ni wanaume wazima. Sijawahi kukutana na kachero wa Kiswahili aliyevaa sketi ya shule.

Mtaniambia hiyo ni hadithi ya Wazungu, mtoto hawezi kutegua mauaji. Nendeni Shakahola, humu humu Kilifi. Aprili 2023 makaburi ya wafuasi wa mhubiri Paul Mackenzie yalianza kufukuliwa, na miili ikapita 400. Kesi za Mackenzie na wenzake zilipoanza kusikilizwa, baada ya wao kukana mashtaka, miongoni mwa waliosimama kutoa ushahidi walikuwa watoto walionusurika. Mahakama ya Kenya humhoji kwanza mtoto mdogo ili ijue kama anaelewa maana ya kiapo na wajibu wa kusema kweli, kisha humsikiliza. Nyumbani kwetu hatufiki hata kwenye swali la kwanza.

Sisemi watoto watumwe kuwafuata wauaji gizani. Daisy na Hazel wana mwandishi wa kuwaokoa ukurasa wa mwisho. Wa Dabaso hana, na mtoto aliyeona jambo ni mtoto aliye hatarini. Ndiyo maana kazi yake iishie kuona, kukumbuka na kusema. Kubeba neno hilo hadi kwa polisi, na kuhakikisha jina la mtoto halitajwi sokoni, ni kazi ya mtu mzima. Kiganja cha mama yangu kilikuwa cha mapenzi, nalijua hilo. Kilimlinda mtoto wake, na kikawalinda wengine pia.

Binti yetu sasa ana daftari. Ukurasa wa kwanza ni uchunguzi wa kuku aliyepotea, na mshukiwa mkuu ni mimi. Nimehojiwa mara mbili, nikajibu, ingawa mara ya pili nilikuwa nakuna nazi.

Krismasi hii, ukoo ukikaa na mtoto akauliza babu wa jirani alikufaje, usimtume maji. Mjibu, halafu umwulize yeye aliona nini.