Alitoka inkubeta akiwa sawa, mbona Gredi ya 3 inamlemea? Stori ya watoi njiti ambayo shule hazijui

Kila tarehe 17 Novemba, Siku ya Watoto Njiti, mitandao inajaa rangi ya zambarau. Mamathe wanaposti picha mbili: kamtoi ka kilo moja kakiwa kwa inkubeta, halafu huyo huyo miaka kadhaa baadaye akiwa na yunifomu, anacheka. Komenti ni "Mungu ni mwema" juu mpaka chini. Na huo ni ushindi, hakuna anayebisha. Shida ni vile stori hukatiwa hapo, na kwa familia nyingi hapo ndio episodi ya pili inaanzia.

Iko hivi. Mtoi anaongea vizuri, ako na adabu, hasumbui mtu. Lakini ticha akimpa maagizo matatu kwa mpigo anashika moja. Hesabu ya kukopa inampotea katikati. Ripoti inarudi nyumbani imeandikwa "hayuko makini". Jirani anasema ni TV. Buda anasema ni uvivu, na mnajua vile uvivu hutibiwa huku kwetu, hata kama sheria ilipiga kiboko marufuku shuleni kitambo.

Sasa tuangalie kichwani kuna nini. Mimba ya kawaida ni wiki 40 hivi. Anayezaliwa kabla ya wiki 32 anahesabiwa kuwa njiti wa mapema sana, na hizo wiki alizokosa tumboni ndizo ubongo huwa kazini vibaya sana. Unakua kwa kasi, unajikunja ile mikunjo yake, na nyaya ndefu za kuunganisha sehemu moja na nyingine zinatandazwa. Seli zinazotengeneza mafuta ya kufunika hizo nyaya, ili ujumbe upite chap chap, huwa laini bado. Oksijeni ikipungua ama maambukizi yakiingia, zinaumia haraka.

Huko Melbourne, Australia, watafiti walifuata watoto zaidi ya 200 waliozaliwa kati ya 2001 na 2003, kabla ya wiki 30 ama wakiwa chini ya gramu 1,250. Waliwapiga picha za MRI wakiwa wachanga, wakarudia wakiwa na miaka 7, tena 13. Ukiwalinganisha na wenzao waliozaliwa muda ukitimia, tofauti ilikuwa bado iko, kwa ukubwa wa ubongo na kwa miunganisho yake. Hiyo ni kwa wastani, tuelewane. Kuna njiti wengi wanaongoza darasa.

Chukua mtu wa Rongai anayeenda tao siku barabara kubwa imefungwa. Mat inapitia njia za panya na inafika, ila inachelewa, na magari yakizidi inakwama kabisa. Huyu mtoi ukimuuliza kitu kimoja anajibu fiti. Mlundikie vinne, anaganda. Ticha anaona kichwa maji, kumbe ni jam.

Na kwa sababu wengi wao hukosa umakini kimya kimya, bila kurusha viti, hakuna anayewashtukia. Uingereza waliwahi kuwauliza walimu kuhusu haya mambo, na wachache sana walikuwa wamefunzwa. Huku, siku ya kusajili mtoto unaulizwa cheti cha kuzaliwa. Wiki za mimba? Hakuna anayeuliza.

Hicho cheti chenyewe pia kinaweza kumchoma. Mtoi aliyefaa kuzaliwa Februari akaja Novemba, Januari ya PP1 anahesabiwa amefika miaka minne, wakati tarehe yake halisi ingempa mwaka mzima wa kungoja. Anaingia darasa moja mbele na ubongo ambao tayari ulianza nyuma. Kwangu mimi, hapo ndipo Wizara ya Elimu ingeanzia, maana kumruhusu mzazi angoje mwaka mmoja hakuhitaji mashine yoyote.

Habari poa ni kwamba ubongo unasikia malezi. Bogotá, Colombia, walikoanzisha ile njia ya kangaruu, mtoi kifuani ngozi kwa ngozi, waliwafuata njiti kwa miaka 20. Matokeo ya 2017 yalionyesha waliobebwa hivyo walikosa shule mara chache na walikuwa watulivu zaidi kuliko wenzao wa inkubeta. Hiyo njia iko hapa pia, Pumwani ikiwemo.

Darasani dawa ni ndogo ndogo. Agizo moja kwa wakati, kiti cha mbele, hatua za hesabu ziandikwe ubaoni, dakika za ziada kwa mtihani. Ikizidi, kuna vituo vya tathmini vya EARC, vipo tangu 1984, ingawa wazazi wengi hudhani ni vya viziwi na vipofu pekee.

Kile kijitabu cha kliniki kilichofungiwa droo baada ya chanjo ya mwisho kina sehemu ya wiki za mimba. Muhula ukifunguliwa, beba. Mwambie ticha, "Huyu alikuja wiki ya 29," halafu umuulize anakaa kiti gani.