Madiwani wanafundishwa kusema "ndiyo"!

Kila uchaguzi ukiisha, wimbo ni ule ule. Wakubwa wa maofisini, wenye tai na viyoyozi, wanashika vichwa: "Madiwani wetu mbumbumbu, darasa la saba hao, wapelekwe semina!" Basi semina inaitishwa. Ukumbi unakodiwa, bango linatundikwa, chai ya saa nne na sambusa, soda za baridi, bahasha jioni. Siku mbili tatu zinapita, picha ya pamoja inapigwa mgeni rasmi akiwa katikati, watu wanatawanyika. Tunaambiwa diwani ameiva.

Ameivia nini, ndugu msomaji? Hilo ndilo swali la wiki hii.

Kwanza tuwaondolee madiwani aibu isiyo yao. Sheria ya nchi hii haimdai diwani digrii. Inamdai awe ametimiza miaka 21 na ajue kusoma na kuandika Kiswahili au Kiingereza. Sharti hilo hilo ndilo la mbunge. Wale wanaopiga kelele kwamba bila digrii hakuna uongozi, watujibu: mkataba wa IPTL wa mwaka 1995 ulisainiwa na mpiga debe wa Manzese? Richmond ya mwaka 2006, iliyomng'oa Waziri Mkuu Februari 2008, ililetwa na wauza mitumba? Zile Sh bilioni 133 za EPA zilizochotwa Benki Kuu mwaka 2005/06, ziliidhinishwa na mama lishe? Acheni hizo! Walalahoi hawajawahi kuitia nchi hii saini ya hasara. Waliotia saini wana vyeti ukuta mzima.

Sisemi kwamba diwani hana haja ya kufundishwa. Anayo haja, tena kubwa, na hata mwenye digrii yake anayo, maana hakuna anayezaliwa akijua kusoma hesabu za halmashauri. Ninachosema ni hiki: mtazameni anayefundisha, kisha mtazameni anachofundisha. Hapo ndipo mchezo unapochezwa.

Baraza la Madiwani kazi yake kwa sheria ni kupitisha bajeti, kutunga sheria ndogo na kuwasimamia watendaji. Mkurugenzi, ambaye ameteuliwa na Rais na hakupigiwa kura na mtu yeyote, ni katibu wa baraza hilo. Kwa karatasi, diwani ndiye anayeuliza na mkurugenzi ndiye anayejibu. Sasa semina ya diwani inapangwa na nani? Ofisi ya mkurugenzi. Posho inasainiwa na nani? Mkurugenzi. Na mbele ya ubao anasimama nani? Mara nyingi ni mwanasheria wa halmashauri, mweka hazina na ofisa utumishi, pamoja na wawezeshaji kutoka TAMISEMI au Chuo cha Serikali za Mitaa cha Hombolo. Yaani wale wale ambao keshokutwa diwani anatakiwa awabane fedha zimekwenda wapi, leo ndio wanaomfundisha namna ya kubana! Kesi ya nyani umempelekea ngedere, halafu unangoja haki.

Na somo lenyewe ni lipi? Majukumu na mipaka. Maadili. Itifaki. Kanuni za kudumu. Hakuna ubaya, kila moja lina kazi yake. Lakini neno linalopigiwa msumari ni hilo la pili: mipaka. Usiingilie utendaji. Usimfokee mtaalamu. Usitoe siri za kikao. Diwani anatoka pale akijua vizuri sana asichotakiwa kugusa. Anachotakiwa kugusa hajaonyeshwa. Hajafundishwa kuishika taarifa ya mapato na matumizi ya robo mwaka akaona pengo. Hajafundishwa kulinganisha hati ya malipo na kalavati lililojengwa kweli kule mtaani. Hajafundishwa kuisoma hoja ya mkaguzi na kuuliza kwa nini imejirudia miaka mitatu mfululizo.

Ongezeni na hili la lugha. Sheria inamruhusu diwani aingie barazani na Kiswahili chake. Vizuri. Lakini mkataba wa barabara na mchanganuo wa gharama za ujenzi mara nyingi huandikwa Kiingereza, tena kile cha mawakili na wahandisi. Kisha kabrasha nene kama matofali mawili linamfikia usiku wa kuamkia kikao, au asubuhi pale pale mlangoni. Mwenyekiti anauliza: "Waheshimiwa, tunakubaliana?" Waheshimiwa wanajibu: "Ndiyooo!" Fedha za wananchi zimepita.

Siku hizi kuna jingine jipya. Karatasi zinaondoka, mambo yameingia kwenye kompyuta. Zabuni zinapita NeST tangu mwaka 2023, malipo yanapita MUSE, leseni na ushuru vinapita TAUSI. Wanasema mifumo imeziba mianya. Basi mwulize diwani wako kama amewahi kuonyeshwa hata siku moja kilichomo ndani ya mifumo hiyo. Ripoti za Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu, CAG, zimesema mara nyingi kwamba kuna fedha zilizokusanywa na wenye mashine za POS na hazikufika benki. Mashine inaweka kumbukumbu, ndiyo. Lakini kumbukumbu isiyosomwa na msimamizi ni sawa na mlinzi aliyelala na rungu mkononi.

Wewe kijana wa kijiweni usidhani haya ni mambo ya wazee wa koti. Haya ni ya mfuko wako. Marekebisho ya sheria ya mwaka 2018 yanaitaka kila halmashauri itenge asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa mikopo isiyo na riba: asilimia 4 wanawake, asilimia 4 vijana, asilimia 2 watu wenye ulemavu. Nne hiyo ni yako, kwa sheria! Kilichotokea mnakijua. CAG akakuta vikundi hewa, akakuta mabilioni yasiyorejeshwa, na Aprili 2023 Serikali ikasimamisha mikopo yote mpaka iliporudishwa mwaka 2024 kwa taratibu mpya. Kijana aliyekuwa na bodaboda ya mkataba, aliyejaza fomu na kungoja, akaambiwa subiri. Aliyetafuna hakusubiri chochote. Je, vikundi hewa vinasajiliwa mbinguni? Kila kikundi kina kata, na kila kata ina diwani, ambaye ndiye mwenyekiti wa Kamati ya Maendeleo ya Kata. Kama angefundishwa kudai orodha, kwenda mtaani na kuuliza "kikundi hiki kinakaa nyumba ipi?", hewa ingejulikana kuwa hewa siku ile ile.

Na mwaka 2021, wamachinga mlipoondolewa barabarani, amri ilishuka kutoka juu kupitia wakuu wa mikoa. Kupanga masoko na maeneo ya biashara ni kazi ya halmashauri. Diwani wako alisimama wapi? Wengine walikuwa wanaisikia redioni kama wewe.

Msidhani haya yanatokea kwa bahati mbaya. Serikali ya nchi hii haijawahi kulipenda baraza linalouliza. Kuanzia mwaka 1972 halmashauri zilifutwa zote kwa jina tamu la Madaraka Mikoani, wakaletwa maofisa. Ikabidi zirudishwe, za miji mwaka 1978 na za wilaya mwaka 1984, na mwaka huo huo wa 1984 Mwalimu Nyerere mwenyewe alikiri hadharani kwamba kuzifuta lilikuwa kosa. Tukadhani somo limeingia. Mwaka 1996 Baraza la Jiji la Dar es Salaam likavunjwa, ikawekwa Tume ya Jiji chini ya Charles Keenja, na wakazi wakakaa mpaka mwaka 2000 bila baraza la jiji walilolichagua. Jiji lilikuwa linanuka taka, hilo hatubishi. Lakini dawa ya baraza bovu ni kulifundisha na kulipigia kura upya. Wao dawa yao ni kulifunga. Katiba, ibara ya 145 na 146, inasema serikali za mitaa zipo ili kupeleka madaraka kwa wananchi. Huwezi kumpelekea mtu madaraka na kumnyima ufunguo.

Sasa tuwe wakweli na sisi wa upande huu. Mwaka 2015 upinzani ulikamata halmashauri za maana, Arusha, Mbeya, hata Jiji la Dar es Salaam lenyewe. Tuliwapa madiwani wetu nini mbali na magwanda na nyimbo? Walijua kususia kikao kuliko kukisoma. Mkurugenzi akiwaletea vitabu vya hesabu, wanapiga meza. Halafu wengine, posho na vitisho vilipokaza, wakavuka sakafu "kuunga mkono juhudi". Chama kinachotaka kushika dola na hakina hata darasa moja la madiwani wake, kinataka kushika usukani na hakijui gia.

Najua kijiweni mtasema: darasa la nini na uwanja wenyewe umefungwa? Mwaka 2019 vyama vikubwa vya upinzani vilijitoa kwenye uchaguzi wa serikali za mitaa. Oktoba 2025 chama kikuu cha upinzani hakikuwemo kabisa kwenye karatasi ya kura. Mabaraza mengi yamebaki ya rangi moja. Hoja hiyo ni nzito, na hakuna semina inayoweza kuchukua nafasi ya kura huru. Lakini taka zisizozolewa hazichagui kadi ya chama. Na pale ambapo ndani ya ukumbi hakuna wa kuuliza, wa nje ndiye anayepaswa kujua zaidi.

Kwa hiyo madai yetu ni haya. Mafunzo ya madiwani yaondolewe mikononi mwa wakurugenzi. Fedha zake zisisainiwe na anayekwenda kuhojiwa. Somo la kwanza liwe hesabu, mikataba na ripoti ya CAG ya halmashauri ile ile, si ya mfano. Walimu wawemo wakaguzi, wahandisi na wahasibu wasiolipwa na halmashauri hiyo. Kabrasha lifike mapema, na kila mkataba uwe na muhtasari wa Kiswahili. Diwani aonyeshwe mifumo ya malipo na mapato, ajue kuisoma. Na milango ya semina ifunguliwe: kama ni fedha za wananchi, wananchi wasikilize mheshimiwa wao anafundishwa nini.

Wakikataa, tusiwangoje. Mikutano ya Baraza la Madiwani ni ya wazi kwa sheria. Hakuna mgambo mwenye haki ya kukufukuza ukikaa kimya na kalamu yako. Vijana kumi wa mtaa mmoja, wa fomu foo na wa darasa la saba, mnaweza kuchangishana, mkachapa ripoti ya CAG ya halmashauri yenu, mkaisoma jioni badala ya kubishana Simba na Yanga. Mkifika ukurasa wenye kata yenu, mwiteni diwani aje aeleze, awe wa chama chochote. Akishindwa, msomeshe. Akikataa kusoma, mnajua la kufanya siku kura ikirudi mikononi mwenu.

Mali bila daftari hupotea bila habari. Halmashauri ni mali yenu, na daftari lipo.