Daruga zikitundikwa, mikoa iwape wachezaji kazi ya uchumi

Kila dirisha la usajili linapofunguliwa, macho yote huwa kwa wanaoingia. Picha za straika mpya akiwa ameshika jezi zinasambaa, mashabiki wanabishana vijiweni kama atafikisha mabao 15, viongozi wanatamba. Wanaotoka hupewa mkono wa kwaheri kwa picha moja na maneno mawili ya shukrani, basi. Kesho yake hakuna anayeuliza yule beki wa kushoto wa miaka 33 ameelekea wapi.

Wachache wanapata nafasi kwenye benchi la ufundi. Wachache zaidi wanaitwa redioni na kwenye televisheni kuchambua mechi. Mmoja mmoja anajaribu siasa. Wengi waliobaki wanarudi mtaani kimyakimya, na kwa baadhi yao jina linarudi gazetini miaka kadhaa baadaye pale inapochangishwa fedha ya matibabu.

Kuna njia nyingine ambayo haizungumzwi kabisa kwenye vyumba vya kubadilishia nguo. Ni kazi ya kuinua uchumi wa mkoa. Hii ni kazi ya kutafuta wawekezaji, kuwaunganisha wakulima na soko, kuwasaidia wafanyabiashara wadogo wapate mikopo na vibali, na kulitangaza eneo ili watu walete fedha zao. Inafanyika kwenye ofisi za mikoa, kwenye halmashauri, SIDO na matawi ya mikoani ya chemba ya biashara, TCCIA. Ofisi hizo zipo kila upande wa nchi. Mchezaji mstaafu ndiye hayumo.

Anayedhani hili ni jambo la kuchekesha amtazame Leodegar Tenga. Kizazi cha wazee kinamkumbuka kama nahodha wa Taifa Stars iliyokwenda Nigeria kwenye Fainali za Mataifa ya Afrika mwaka 1980, timu ambayo rekodi yake ilikaa miaka 39 mpaka Stars ilipofuzu tena mwaka 2019. Kizazi cha katikati kinamkumbuka kama rais wa TFF kuanzia 2004 hadi 2013. Wenye viwanda wanamfahamu kwa kofia nyingine: mkurugenzi mtendaji wa CTI, Shirikisho la Wenye Viwanda Tanzania, chombo kinachokaa mezani na serikali kuzungumzia kodi, umeme na mazingira ya uzalishaji.

Beki aliyewakabili washambuliaji wa Nigeria akaja kuzungumza kwa niaba ya viwanda vya nchi nzima. Lakini hakupewa kiti hicho kwa sababu watu wanakumbuka alivyokuwa akicheza. Tenga ni mhandisi kwa taaluma. Alipotundika daruga alikuwa tayari na kitu kingine mkononi, na hapo ndipo wachezaji wengi wa leo wanapokwama.

Kikapu na chuma

Mfano ulio wazi kuliko yote uko mbali kidogo, kwenye mpira wa kikapu wa Marekani. Dave Bing aliingia NBA mwaka 1966 akiwa chaguo la pili kwenye usajili wa wachezaji chipukizi, akavaa jezi ya Detroit Pistons. Msimu wa kwanza alikuwa mchezaji bora chipukizi wa ligi. Wa pili akaongoza kwa kufunga pointi nyingi. Mwaka 1990 aliingizwa kwenye Ukumbi wa Magwiji wa mchezo huo, na mwaka 1996 NBA ikamtaja miongoni mwa wachezaji 50 bora katika historia yake.

Hayo mashabiki wanayajua. Wasilolijua wengi ni kwamba ligi ilipokuwa mapumziko, Bing hakwenda kula bata. Alikuwa akifanya kazi benki, mjini Detroit, akijifunza jinsi mikopo inavyotolewa na jinsi biashara inavyopimwa. Aliendelea hivyo misimu kadhaa huku akiwa nyota. Alipostaafu mwaka 1978 baada ya misimu 12, hakufungua kampuni siku hiyohiyo. Alikwenda kwanza kwenye kampuni ya chuma kujifunza kazi. Mwaka 1980 ndipo akaanzisha Bing Steel, akiwa na wafanyakazi 4 tu.

Miezi ya mwanzo ilikuwa ya hasara. Fedha aliyoanza nayo iliteketea. Akabadilisha mpango, akaendelea, na baadaye viwanda vikubwa vya magari vya Detroit vikawa wateja wake. Mwaka 1984 alitunukiwa Ikulu ya Marekani na Rais Ronald Reagan kama mfanyabiashara mdogo bora wa mwaka kutoka jamii za walio wachache. Kampuni ya mchezaji wa kikapu ilikuwa inalipa mishahara katika jiji ambalo viwanda vyake vilikuwa vinafungwa mmoja baada ya mwingine.

Stori ingeishia hapo ingekuwa tamu sana. Haikuishia hapo. Mwaka 2009 wakazi wa Detroit walimchagua Bing kuwa meya. Jiji lililokuwa na watu zaidi ya milioni 1.8 mwaka 1950 lilikuwa linabaki na watu wapatao 713,000 katika sensa ya 2010. Nyumba ziliachwa tupu, walipa kodi walihama, madeni yakarundikana. Bing alijaribu kubana matumizi na kuongea na vyama vya wafanyakazi, lakini shimo lilikuwa refu. Machi 2013 serikali ya jimbo ilimteua msimamizi wa dharura aliyechukua mamlaka makubwa ya jiji, na Julai mwaka huo Detroit ikaomba ulinzi wa mahakama kwa sababu ya kufilisika, ikiwa na madeni ya takriban dola bilioni 18. Hakuna jiji la Marekani lililowahi kufilisika kwa kiwango hicho. Bing hakugombea tena.

Mambo mawili yanatoka hapo. La kwanza, miaka ya kujifunza benki na kwenye chuma ndiyo iliyompa Bing maisha ya pili. La pili, jina kubwa halilipi madeni ya jiji. Mchezaji anayeingia ofisini akidhani shangwe za uwanjani zitamfuata mpaka kwenye bajeti atapotea mapema. George Weah anaweza kusimulia hilo pia. Ballon d'Or ya 1995 ilimfungulia milango yote ya Liberia, lakini alipogombea urais mwaka 2005 akashindwa, elimu yake ilikuwa fimbo ya wapinzani, ikabidi arudi darasani. Alikuja kushinda baadaye, akaongoza kuanzia 2018, na mwaka 2023 wapiga kura wakamtoa. Uwanjani na ofisini, matokeo yanaangaliwa mwisho wa dakika 90.

Iten haikusubiri

Karibu na nyumbani kuna Iten, mji mdogo wa Kaunti ya Elgeyo Marakwet nchini Kenya, ulio zaidi ya mita 2,000 juu ya usawa wa bahari. Kwa miaka mingi ulikuwa mji wa wakulima na wanafunzi wenye mbio. Lornah Kiplagat, aliyekuja kuwa bingwa wa dunia wa nusu marathoni akiikimbilia Uholanzi, alijenga hapo kituo cha mazoezi ya nyanda za juu. Wakimbiaji wa nje wakaanza kuja, Mo Farah wa Uingereza akiwa mmojawao.

Mwanariadha wa kigeni anayekaa Iten wiki sita anahitaji kitanda, chakula, mtu wa kumkanda misuli, dereva, mtu wa kufua nguo na mtu wa kukimbia naye alfajiri. Anakunywa maziwa ya ng'ombe wa hapo na kula ugali wa mahindi ya hapo. Hiyo ndiyo maana ya uchumi wa eneo: fedha moja ya mgeni inapita kwenye mikono mitano kabla ya kuondoka mjini. Kiplagat hakuwa waziri wala mkuu wa kaunti. Alikuwa mkimbiaji aliyejua wakimbiaji wenzake wanahitaji nini, akawatengenezea.

Na hapo ndipo penye utajiri wa mchezaji wa Ligi Kuu Bara ambao yeye mwenyewe haujui. Mtu aliyecheza ligi hii miaka kumi ameifahamu nchi kuliko maofisa wengi. Amelala Bukoba akisubiri mechi ya Kaitaba. Amekwenda Ruangwa kuikabili Namungo na Manungu kuikabili Mtibwa. Anajua barabara ipi inamaliza basi, mji upi hauna hoteli ya kutosha timu mbili, wapi chakula kipo tele lakini hakuna wa kukinunua. Ana namba za simu za wafanyabiashara wa kila mkoa waliokuwa wakiwaalika wachezaji chakula cha jioni. Akipiga, wanapokea.

Anajua pia kinachotokea timu inapoondoka. Mwaka 2024 Ihefu ya Mbarali ilihamia Singida na kuwa Singida Black Stars. Mashabiki walilia na jezi. Mama lishe, wenye nyumba za wageni na waendesha bodaboda walipoteza kitu kingine: zile siku ambazo Simba au Yanga inaingia mjini na kila chumba kimejaa. Singida ikapata kile ambacho Mbarali ilikipoteza. Timu ya Ligi Kuu ni mradi wa uchumi wa mkoa, iwe kuna ofisa anayeiandika hivyo kwenye mpango wake au la.

AFCON haiko mbali

Mwaka 2027 Tanzania, Kenya na Uganda zinaandaa kwa pamoja Fainali za Mataifa ya Afrika. Arusha inajengewa uwanja mpya wa watazamaji 30,000. Zege litamwagwa, nyasi zitapandwa, hilo lina wakandarasi wake. Swali ni nani atahakikisha mboga za hotelini zinatoka kwa wakulima wa Arumeru, nani atawapanga mafundi cherehani washone bendera na fulana, nani atahakikisha mwenye bajaji naye anaonja. Na mashindano yakiisha, nani atazuia uwanja usigeuke mahali pa kuanika nguo.

Kazi hiyo inamhitaji mtu anayejua mpira kutoka ndani na anayeaminika mtaani. Mkoa ukimchukua mchezaji mstaafu kwa mkataba wa miaka miwili kuratibu biashara zinazozunguka mechi, unapata vyote viwili kwa mshahara mmoja.

Pingamizi lipo na lina uzito. Kuna vijana wenye shahada za uchumi wanaozunguka na bahasha, kwa nini nafasi apewe mtu aliyemaliza kidato cha nne kisa alikuwa na mguu wa kushoto mzuri? Wana haki ya kuuliza. Ajira ya umma ina vigezo na haifai kuvunjwa kwa ajili ya umaarufu. Ofisa asiyeweza kusoma mizania ni hasara kwa mkoa hata kama aliwahi kumfunga nani.

Ndiyo maana kazi inaanza akiwa bado anacheza. Chuo Kikuu Huria kina vituo mikoani na mchezaji anaweza kusoma huku timu ikisafiri. Chuo cha Mipango ya Maendeleo Vijijini kilichopo Dodoma kinafundisha hata mipango ya maendeleo ya mikoa, kozi ambayo jina lake pekee linaeleza kila kitu. Mchezaji anayefanya mazoezi asubuhi saa mbili na kumaliza ana mchana mzima. Leo mchana huo unaliwa na mchezo wa video na simu. Asiyekuwa na cheti cha kidato cha sita aanze na astashahada. Anayeanza akiwa na miaka 25 atakuwa na karatasi kabla goti halijagoma.

Klabu nazo zisijifanye hazihusiki. Zinaweka kwenye mkataba gari, nyumba na posho ya ushindi. Kuongeza kifungu cha ada ya masomo hakuzidi gharama ya kambi moja ya wiki mbili. Chama cha wachezaji kikidai hicho badala ya kusubiri mtu aachwe ndipo kitoe tamko, kitakuwa kimefanya kazi yake. Na mapumziko ya msimu, kama Bing na benki yake, yatumike kumpeleka mchezaji SIDO au kwenye ofisi ya biashara ya halmashauri kwa mwezi mmoja akaone jinsi mkopo wa kikundi unavyoombwa na kwa nini vikundi vingine vinashindwa kurejesha.

Mikoa nayo ianze na ile yenye timu za Ligi Kuu. Tayari wakuu wa mikoa wanawaita wachezaji kwenye hafla, wanapiga nao picha, wanawapa ng'ombe na ahadi. Siku ya hafla nyingine wawape kiti cha kazi chenye majukumu yaliyoandikwa na tarehe ya kupimwa. Akishindwa, aachwe kama mchezaji yeyote asiyefunga. Dirisha dogo lijalo litawaacha wengine wengi. Baadhi yao wanaijua Kagera, Lindi na Singida kuliko ramani, na mpaka sasa hakuna aliyewauliza wanachokijua.