Familia za Viumbe na Mtoto Aliye Darasani

Somo la familia za viumbe huonekana jepesi. Mwalimu huchora mti wenye kiota, ndege dume tawini, jike juu ya mayai, kisha huwaambia wanafunzi kwamba hiyo ndiyo familia. Halafu huwaagiza wachore ya kwao: baba upande huu, mama upande ule, watoto katikati. Wengi humaliza upesi. Mmoja anayelelewa na bibi, au shangazi, au jirani, hubaki ameshika kalamu, maana kielelezo alichopewa hakina nafasi ya mtu anayempikia. Mwanafunzi wa miaka 13 halii kwa jambo kama hilo. Hunyamaza, na pengine huchora baba asiyemjua.

Mwalimu wa Nengo, mtaa wa Gisenyi ulio ufukoni mwa Ziwa Kivu, hana haja ya kielelezo hicho. Yafaa aanze na neno lenyewe. Kinyarwanda husema umuryango, na umuryango ni jamaa, tena ni mlango wa nyumba. Kiswahili cha pwani nacho hutumia mlango kwa maana ya ukoo. Wanafunzi wa Gisenyi, ambao husikia Kiswahili cha majirani wa Goma, hawatakosa kulifurahia jambo hili. Kisha azitenganishe maana mbili ambazo vitabu huzichanganya. Simba, chui na paka wa jikoni ni familia moja kwa mpango wa wataalamu wa viumbe, lakini simba hamlei paka. Familia ya nasaba ni habari moja, na familia ya malezi ni habari nyingine.

Mfano wa pili umo sokoni. Sambaza, wale dagaa walioletwa Kivu kutoka Ziwa Tanganyika mwishoni mwa miaka ya 1950, hutaga mayai majini na kwenda zao. Hakuna baba wala mama anayeyatazama. Tilapia jike hufanya kinyume. Huyaokota mayai yake na kuyaatamia kinywani, na vifaranga wakishaanguliwa hukimbilia humo humo wanapoona hatari. Samaki wawili wa ziwa moja, pengine wa kikaango kimoja, na malezi yao hayafanani hata kidogo.

Lakini mfano ulio mzito zaidi uko kaskazini-mashariki ya mji, katika milima ya Virunga, wanakoishi gorila wa mlimani, ambao Wanyarwanda huwaita ingagi. Tangu mwaka 2005 watoto wao hupewa majina katika sherehe ya Kwita Izina, iliyofuata desturi ya Wanyarwanda ya kumpa jina mtoto mchanga. Jamii ya kawaida ya gorila huwa na dume aliyekomaa, mwenye manyoya ya fedha mgongoni, pamoja na majike kadhaa na watoto wao. Jike akikua, mara nyingi huhamia kundi jingine.

Mwaka 1967 Dian Fossey, Mmarekani, alianzisha kituo cha Karisoke kati ya mlima Karisimbi na mlima Bisoke. Kati ya gorila waliojulikana kituoni hapo kwa majina alikuwamo Titus, aliyezaliwa mwaka 1974. Mwaka 1978 majangili walimuua Uncle Bert, dume mkuu wa kundi lake. Mama yake Titus, aliyeitwa Flossie, alihamia kundi jingine, na mtoto huyo wa miaka minne hivi akabaki na madume. Aliyemkuza ni Beetsme, dume aliyetoka nje ya kundi, asiye ndugu yake. Titus hakufa. Alikuja kuongoza kundi kubwa, akazaa watoto wengi, na alipofariki mwaka 2009 alikuwa na umri wa miaka 35.

Hapo darasa zima litafurahi, na mwalimu atashawishika kufunga daftari. Asifunge. Beetsme huyo huyo, wiki chache baada ya kifo cha Uncle Bert, alimuua mtoto mchanga wa Flossie aliyeitwa Frito. Dume mgeni mara nyingine huua mtoto wa dume aliyemtangulia, na mama akishapoteza mtoto anayenyonya huweza kushika mimba mapema. Mwalimu anayeificha habari hii anafundisha ngano, si elimu ya viumbe. Wanafunzi wa umri huu wanaweza kuipokea, mradi wasiambiwe kwamba mnyama ni kiongozi wa tabia zao. Gorila hakutenda wema kwa Titus ili asifiwe, wala hakumtendea Frito uovu ili ahukumiwe. Binadamu ndiye anayeulizwa alimtendea nini mtoto wa mwenzake.

Swali hilo halijageuka geni katika nchi iliyopata mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi mwaka 1994, yaliyoacha yatima wengi mno. Mwaka 2013 serikali ya Rwanda ilianzisha mpango wa Tubarerere mu Muryango, yaani tuwalee watoto katika familia, ili watoto watoke katika vituo vya yatima na kuingia majumbani. Walezi wa kujitolea huitwa Malayika Murinzi, jina ambalo msomaji wa Kiswahili hahitaji kufasiriwa.

Nao watafiti waliochambua kumbukumbu za Karisoke za zaidi ya miaka 50 walieleza mwaka 2021 kwamba gorila wachanga waliofiwa na mama baada ya kutimiza miaka miwili hawakuonekana kufa zaidi kuliko wenzao. Walisogea karibu na wengine kundini, hasa dume mkuu. Kwa hiyo mwanafunzi asiulizwe ni nani baba na nani mama. Aulizwe: nani analisha, nani analinda, nani anafundisha njia?

Safari ya kwenda kuwaona gorila ni ghali, na si lazima. Nyumbani kukiwa na kuku anayetaka kuatamia, awekewe mayai ya bata. Mayai yake mwenyewe yangeanguliwa kwa siku 21, lakini ya bata huhitaji siku 28 hivi. Wanafunzi waandike kila siku anachofanya kuku huyo katika wiki ya nne.